Kamba ya Pili

Kabla magari ya kuchimba visima kwa mashine hayajajaa Dodoma, mtu wa Zanka, wa Chenene au hata wa Hombolo aliyetaka kisima aliambiwa awatafute Batholomeo na Athuman. Hakuna aliyemtaja mmoja akamwacha mwenzake. Ilikuwa kama jina moja refu.

Batholomeo alikuwa Mgogo wa Zanka, mrefu, mkavu wa mwili, Mkatoliki aliyeishika dini mpaka dini nayo ikamshika. Katekista akiugua, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza, na mtoto aliyebabaika katikati ya sala ya Nasadiki alirudishwa mwanzo. Athuman alikuwa Mrangi wa Kolo, mfupi, mwenye mabega ya kubebea magunia, Mwislamu asiyekosa swala hata siku ambazo mchanga ulimjaa masikioni. Walikutana ujanani kwenye kibarua cha kuchimba msingi, Kondoa mjini. Siku ile ile ya kwanza walishindana koleo, wakabishana mpaka msimamizi akawafokea, na jioni wakaondoka pamoja.

Kazi yao ilikuwa hivi. Juu ya shimo walilaza gogo kwenye miti miwili yenye panda, wakalizungushia kamba, wakalitia mpini upande mmoja. Mmoja alishuka na sururu na koleo fupi. Mwingine alibaki juu, akazungusha gogo, akavuta ndoo za udongo, na jioni akamvuta mwenzake. Kesho yake walibadilishana. Aliyeko chini hana chake. Maji ya kunywa, taarifa ya mvua na njia ya kurudi kwa watoto wake, vyote viko mikononi mwa aliyeko juu.

Na dini waliibishania humo humo kazini, mmoja akipaza sauti kutoka chini, mwingine akiinamia mdomo wa shimo.

"Athuman! Mtu anayetafuta maji anatawadha kwa mchanga, huoni aibu?"

"Mwenyezi Mungu anajua hatujayafikia. Wewe nieleze, mmoja anakuwaje watatu?"

"Hilo ni fumbo."

"Basi fumba mdomo, nivute ndoo."

Batholomeo alisadiki kabisa, bila chuki yoyote, kwamba Athuman amepotea njia. Athuman naye alimsikitikia Batholomeo hivyo hivyo. Lakini kukicha, aliyepotea alishika kamba na mwenye njia akashuka. Siku maji yalipochomoza, wa chini aliyapeleka juu kwenye ndoo yakiwa bado matope, wakayaacha yatulie, kisha Athuman akatawadha, Batholomeo akachovya kidole akafanya ishara ya msalaba. Ndipo walipomwita mwenye kisima.

Penina, mke wa Batholomeo, hakulielewa jambo hili. Siku moja, Athuman akiwa kwao anakula ugali wa uwele na mlenda, akamwuliza wazi:

"Shemeji, nyinyi hamkubaliani hata jina la mtume. Mnawezaje kushikiana roho?"

Athuman alimeza tonge kwanza. "Shemeji, huyu mumeo simsadiki hata neno moja. Lakini nina imani naye."

Wakacheka wote, na Batholomeo akacheka kuliko wote. Aliyachukua kama mzaha mwingine wa Athuman. Ilipita miaka mingi hivyo, watoto wakazaliwa na kukua, Ritha wa Batholomeo na Mudrick wa Athuman, na visima vikazidi kumbukumbu zao wenyewe.

Ajali ilitokea kwenye shamba la alizeti, si mbali na Zanka. Ilikuwa zamu ya Batholomeo. Jioni alikuwa anavutwa, amekaribia kabisa kuuona uso wa mwenzake, mara gogo likageuka kinyume kwa kasi na yeye akaenda chini pamoja na kamba. Hakufika mwisho. Kitu kiliikamata kamba, akabamizwa ukutani, mbavu zikalia, akabaki ananing'inia gizani huku mchanga ukimdondokea. Halafu akaanza kupanda tena, polepole mno, kwa mishtuko. Alipotokeza juu akaona ni nini kilichoikamata ile kamba. Athuman alikuwa amelilalia gogo kwa kifua, ameuzuia mpini kwa bega la kushoto, midomo imepauka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake.

"Umekufa ganzi," alisema. "Batho, mkono umekufa ganzi. Sijui ulikwenda wapi."

Baada ya muda mkono ulirudi. Athuman alimpakia mwenzake kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka zahanati, na kwa majuma yote Batholomeo aliyolala nyumbani, alikuja kumtazama. Alikuja na karanga, alikuja na asali ya Kolo, siku nyingine alikuja mikono mitupu akakaa tu. Kila mara alirudia maneno yale yale: mkono ulikufa ganzi. Na kila mara Batholomeo alimjibu:

"Acha hayo. Nakuamini."

Hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameuona ule mkono kwa macho yake. Alimwamini kama mtu anavyoamini kwamba Kondoa iko kaskazini.

Ila waliokuja kumpa pole hawakuuona. Shemeji yake Gerson, kaka wa Penina, alikaa kwenye kiti cha kamba, akamtazama kwa huruma, akasema, "Mkono wa mtu mzima haufi ganzi bure. Wewe umempa roho yako mtu ambaye hata kanisani hamkutani. Mungu amekuonyesha alama, unataka nyingine?"

Batholomeo alikasirika hata mbavu zikamuuma. Alimwambia Gerson kwamba kama amekuja kusengenya, mlango anaujua. Gerson akaondoka. Maneno yake yakabaki.

Alipopona, kazi iliwapata mjini. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma, watumishi wanashuka na familia zao kutoka Dar es Salaam, na Ipagala viwanja vilikuwa vinageuka nyumba kabla bomba la maji halijafika. Bwana mmoja aitwaye Wambura, mtu wa Mara aliyefanya kazi wizarani, alikuwa anajenga na alitaka kisima haraka ili asinunue maji ya ujenzi. Nyumba yake ilikuwa bado nguzo za zege na matofali. Walianza vizuri. Shimo lilipokuwa la kimo cha mtu na zaidi kidogo, Batholomeo alishuka na kupanda bila wasiwasi. Lilipoingia kina, kila akianza kuteremka aliukumbuka ule mkono, akaogopa. Alisali, na hofu haikusikia sala.

Hakumwambia Athuman. Angemwambiaje, na alishasema "nakuamini" mara zote zile? Asubuhi moja alitangulia kufika, akachukua kamba nyembamba aliyotoka nayo nyumbani, akaifunga kwenye nguzo ya zege, akailaza chini hadi ukingoni na kuifunika kwa mifuko mitupu ya saruji. Ncha nyingine aliizungusha kiunoni chini ya koti kuukuu la kazi. Athuman alipofika walisalimiana, wakashusha koroboi kupima hewa, na Batholomeo akashuka. Siku hiyo hofu ilitulia. Akachimba huku anapiga mluzi.

Karibu na adhuhuri ndoo ikapanda, haikurudi.

Akangoja. Akatazama juu, akaona duara la anga na kichwa cha Athuman.

"Batho."

"Naam."

"Hii kamba nyingine ni ya nini?"

Batholomeo alikuja kuirudia saa ile maisha yake yote. Alikuwa na nafasi ya kujibu. Angesema, naogopa, ndugu yangu. Angesema, mkono wako unanitisha usiku. Lakini alikuwa chini na mwenzake yuko juu, na aibu ikamfikia kabla ya akili.

"Kamba gani?" alisema.

Kichwa kilibaki pale kidogo, kisha kikaondoka. Ndoo ikashuka. Wakaendelea na kazi.

Alipovutwa juu, alivutwa kwa uangalifu kuliko siku zote, kama yai. Athuman mwenyewe alimfungua ile kamba ya kiunoni bila kumtazama usoni, akaifungua na kwenye nguzo, akaikunja vizuri, akamkabidhi. Kisha akaenda kuswali nyuma ya lundo la matofali. Aliporudi alisema, "Kisima cha watu tutakimaliza."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Athuman kushuka. Batholomeo alikuwa hakulala. Alimnyooshea ile kamba nyembamba. "Jifunge na hii, tafadhali. Tutakuwa tunafunga sote."

"Ya kwangu moja inatosha," alisema Athuman. Akakaa ukingoni, akashika kamba yao ya siku zote, akashuka.

Siku ya Batholomeo ilipofika, alikuta Athuman amekwisha kuifunga kamba ya pili kwenye nguzo. Alikuwa ameifunga fundo zuri kuliko lile la Batholomeo, amelivuta kulijaribu, na hakuifunika kwa mifuko. Alifanya hivyo kila zamu ya mwenzake mpaka kisima kikaisha. Hakununa. Alijibu alichoulizwa, alitoa salamu, alisema "ndoo" na "tayari". Mabishano tu ndiyo yaliyokoma. Batholomeo alijaribu kumchokoza kuhusu kutawadha kwa mchanga, na Athuman akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

Maji yalipopatikana Batholomeo ndiye aliyekuwa chini. Aliyapeleka juu, akapandishwa, wakayangoja yatulie. Athuman aliyaonja, akayatema.

"Ya chumvi," alisema. "Kwa ujenzi yatafaa."

Siku hiyo hakutawadha nayo. Wambura aliwashukuru, "Asanteni sana wazee wangu," wakaagana naye, wakatembea pamoja mpaka barabarani. Hapo Athuman alimpa mkono. Mkono wa kulia.

"Wasalimie nyumbani."

"Nitakupigia," alisema Batholomeo. "Kuna mtu wa Chenene anataka kisima."

"Mimi nadhani nitaenda Mtera, Batho. Mudrick yuko kule, anakausha samaki. Nitamsaidia."

Batholomeo alimpigia kweli, mwanzoni mara kwa mara. Waliulizana hali za watoto na mvua. Kila simu alikusudia kulisema lile neno, na kila simu alikata bila kulisema, akajiambia jambo kama lile halisemwi kwenye simu. Atakwenda Mtera. Akishavuna atakwenda. Mvua zikiisha atakwenda. Ritha atakapojifungua, atakapopata likizo, gari la jirani likitengemaa. Kisha magari ya mashine yakaingia mpaka Zanka, kisima kilichowachukua wawili majuma mengi kikawa kinapatikana kabla ya jioni, na Batholomeo akakosa hata kazi ya kusingizia. Penina alipofariki, Athuman alituma salamu za rambirambi kupitia Mudrick. Ritha, aliyeajiriwa ofisi za bunge, akamchukua baba yake akaishi naye Ipagala, mitaa michache kutoka kwa Wambura.

Siku Mudrick alipopiga simu, mazishi yalikuwa yamepita.

"Shikamoo baba mdogo. Baba ametutoka. Tumemzika huku huku Mtera, unajua sisi hatucheleweshi."

Batholomeo aliuliza alikuwa anaumwa nini. Mudrick akasema kiharusi. Kilikuwa kimemwanza zamani, kidogo kidogo, na mara hii kilimchukua upande wote wa kulia.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi la kupita Kondoa, akashuka Kolo, akaulizia nyumba ya Mwanaidi, mke wa Athuman. Mjane alikuwa ndani ya eda, kajitanda shuka jeupe, kakaa kwenye mkeka na dada yake Mishi aliyewaletea uji na kukaa pembeni. Batholomeo alitoa pole zake. Alilia kidogo, na Mwanaidi alimwacha alie. Baada ya hapo akasema jambo alilolibeba njia nzima.

"Shemeji, kumbe ule mkono ulikuwa ugonjwa kweli."

Mwanaidi alimtazama. "Kwani ulikuwa humwamini?"

"Nilimwamini."

"Sasa kamba ilikuwa ya nini?"

Kwa hiyo Athuman alikuwa amemwambia. Batholomeo aliinamisha kichwa. Kuku waliparua uani, na Mishi akajifanya anatafuta kitu kwenye kanga yake.

"Niliamini maneno yake," alisema mwishowe. "Aliposema mkono umekufa ganzi nilijua ni kweli. Lakini yeye mwenyewe, Athuman, kumkabidhi mwili wangu tena..."

"Hakuichukia kamba," alisema Mwanaidi. "Usije ukadhani hivyo. Aliniambia, Batho angesema tu, nauogopa mkono wako, ningemfunga mimi mwenyewe. Maana hata yeye alikuwa anauogopa. Kilichomwumiza ni kwamba alikuuliza na wewe ukamwambia, kamba gani."

"Alikasirika?"

"Athuman alikuwa mtu wa imani, shemeji, hasira hazikumkaa. Alikuwa akikutaja, akitusimulia vituko vyenu, mpaka watoto wanacheka. Alikuwa tu akifika kwenye kile kisima cha mwisho, hakisimulii."

Batholomeo akamwomba msamaha. Mwanaidi akasema kwa upole kwamba kwa upande wake hana kinyongo, lakini msamaha anaoutaka ulikuwa wa Athuman, na yeye hawezi kuutoa kwa niaba yake. Akamwambia Mishi alete chakula. Batholomeo alikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine.

Alimsimulia Ritha jioni ile alipofika. Ritha alimsikiliza akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni.

"Lakini baba, mbona hukukosea? Kamba ya pili ni safety. Kwenye mradi wowote leo wangekulazimisha uvae. Na yeye mgonjwa hakutakiwa kushika mpini kabisa. Angepelekwa hospitali mapema, labda..."

"Najua."

"Sasa?"

"Safety haifichwi chini ya mifuko ya saruji, mwanangu."

Lile neno "labda" la Ritha, ambalo alilisema ili kumfariji, ndilo lililomkaa zaidi. Kama angekiri hofu yake pale kisimani, wangeuzungumza ule mkono. Wangeuzungumza, angempeleka kwa daktari, maana ndivyo walivyokuwa: mmoja akiumwa jino mwingine anamburuta. Badala yake kila mmoja aliuogopa mkono ule peke yake. Hili hakulisema kwa Ritha wala kwa padre. Kanisani, Jumapili, watu waliposimama kukiri imani, alilitamka Nasadiki pamoja nao, na maneno yote aliyaona ni kweli kama zamani. Hakuna hata moja lililomtia shaka. Alichokuwa anajiuliza ni kama amewahi, siku yoyote ya maisha yake, kukaa ukingoni mwa maneno hayo na kuachia miguu, jinsi Athuman alivyokaa siku ile kwa kamba moja, mbele ya mtu aliyemdanganya jana yake.

Kiangazi kilichofuata alikwenda Mtera. Mudrick alimpokea stendi, akambebea mfuko, akampitisha kwenye vichanja vya samaki na upepo wa bwawa mpaka makaburini. Kaburi lilikuwa tuta la udongo, juu yake wameweka matawi ya miiba mbuzi wasilikanyage. Batholomeo alikuwa amejiandaa. Ndani ya basi alikuwa ameyapanga maneno, akayarudia kama mtoto wa komunyo, kuanzia "Athuman, ilikuwa kamba yangu."

Lakini Mudrick alisimama karibu, kijana mwenye heshima, akingoja, na Batholomeo hakujua kama baba yake alimweleza. Akaona aibu kuyasema mbele yake. Akaona aibu pia kumwambia asogee.

"Tumwombee, baba mdogo?" Mudrick aliuliza.

"Tumwombee."

Mudrick alikunjua viganja, akasoma. Batholomeo naye akakunjua vyake, akaitikia "amina" pale palipoonekana pa kuitikia. Walipomaliza, kijana alipangusa uso, akamshika kiwiko kumsaidia kuteremka, akamwuliza kama wanakula samaki huko kwao au wamezoea mlenda tu. Batholomeo akajibu kwamba wanakula. Waliteremka. Maneno hakuyasema, akarudi nayo Ipagala.